Kalamu ya Kipimo cha Mkono Wetu

Fundi alitutaka kwanza tuandike mistari mitatu mbele yake. Alitazama vidole, si maandishi. Ndipo akatwaa kipande cheusi cha ebonaiti, yaani mpira uliopikwa kwa salfa hadi ukawa mgumu, akaanza kukikereza.

Lakini kazi yenyewe ni nibu. Nibu za dukani aghalabu huwa na ncha ya mviringo, nazo hutoa mstari wa unene mmoja. Hati za Kiarabu, ambazo wazee wetu wa pwani waliziandikia Kiswahili kwa karne kadhaa, hutaka ncha bapa iliyokatwa mshazari mithili ya kalamu ya tete, ili herufi inenepe na kukonda kwa kufuata mwendo wake. Fundi aliinoa, akaijaribu, akainoa tena. Chembe ikishaondoka hairudi. Tulichagua chuma cha pua. Dhahabu tuliiacha kwa kuchunga khitilafu ya wanazuoni. Bei msituulize mbele ya mama watoto.

Kwa kalamu hiyo tuliandika wasia wetu, kurasa nne, kwa hati za Kiarabu, kama alivyoandika marehemu baba. Kijana wetu mkubwa aliupokea, akautazama sana, akauliza: “Baba, hapa umesema nini?” Kiswahili anakijua na msahafu anausoma vizuri, ila herufi zetu hazikuwa na irabu.

Sasa kila Jumamosi baada ya Alasiri tunakaa naye, naye huandika kwa kalamu hiyo hiyo. Inamkwaruzia karatasi, kwani mkono wake hulalia upande mwingine. Juma lililopita tulifika ukurasa wa pili wa wasia.