Mmea wa Kalahari unaomlipa anayejua pa kuchimba

Katika nchi ya mchanga ya Kalahari, inayoenea Namibia, Botswana na Afrika Kusini, kilimo cha mahindi ni kubahatisha. Hata hivyo, wananchi wengi wa huko hupata fedha taslimu kutokana na mmea wa mwitu usiopandwa na mtu. Kitaalamu unaitwa Harpagophytum procumbens. Hutambaa ardhini, maua yake ni ya zambarau, na tunda lake lina kulabu zinazonasa miguu ya mifugo. Wazungu wakaupachika jina la kucha la shetani.

Mali yenyewe iko chini ya mchanga. Mzizi mkuu huzama wima, na kutoka kwake hutokea viazi vya pembeni vinavyohifadhi maji. Viazi hivyo hukatwa vipande, hukaushwa na kuuzwa Ulaya, hasa Ujerumani na Ufaransa, kutengenezea dawa za maumivu ya viungo na mgongo. Namibia ndiyo muuzaji mkubwa.

Mchimbaji mwenye pupa hung'oa vyote. Mmea hufa, na msimu unaofuata analazimika kutembea mbali zaidi. Aliye makini huchukua viazi vya pembeni tu, huacha mzizi mkuu na kufukia shimo ili mmea uchipue tena. Namibia imeulinda mmea huo kisheria tangu 1977, na kuchimba kunahitaji kibali.

Mwaka 2000, katika mkutano wa mkataba wa CITES jijini Nairobi, Ujerumani ilipendekeza biashara hiyo iwekewe udhibiti wa kimataifa. Nchi unakoota zilipinga, zikihofia kipato cha wachimbaji, ambao wengi ni maskini. Pendekezo likaondolewa.

Lakini soko nalo lina masharti yake. Kiazi kibichi kina maji mengi, hivyo gunia zima hukauka likabaki kidogo. Vipande vyenye ukungu au mchanga hukataliwa. Viwango vya dawa vya Ulaya hutaka kiini kiitwacho harpagosidi kisipungue asilimia 1.2, na ndugu wa mmea huo, Harpagophytum zeyheri, kwa kawaida ana kiasi kidogo zaidi. Kuchanganya magunia ni kujiharibia.

Huko Omaheke, mashariki mwa Namibia, wachimbaji wa eneo la Vergenoeg walianza mwaka 1997 kuchimba kwa utaratibu na kumuuzia msafirishaji moja kwa moja, bila dalali. Bei ikapanda, nao wakawa na sababu ya kuacha mzizi ardhini.