Hodi ya Simu

Mgeni mwenye adabu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, hurudi zake. Ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyotufunza. Lakini mpigaji wa WhatsApp haonekani mlangoni, naye msumbufu hachoki. Kumzuia si ufidhuli: fungua jina lake, chagua kumzuia, na simu zake hazitakufikia tena.

Tangu 2023 waweza pia kunyamazisha nambari ngeni zote; hazilii, ila hubaki katika orodha. Hapo, watu wa Kinakomba, tahadhari! Mto Tana ukifurika, kama 2023 na 2024, jamaa aliyehamishwa na maji huazima simu ya mtu. Basi mzuie msumbufu unayemjua. Nambari ngeni zitazame kabla ya kulala. Huenda ni hodi ya mwenye shida.