Kamera Unazo, Picha Je?

Siku hizi mtu akifungua duka, hata rafu hazijajaa, kamera zimeshaning'inia. Nne, sita, wengine nane! Mwenye mali akishaziona, usiku analala fofofo. Ngoja sasa kitu kipotee. Anaitwa fundi: "Hebu turudishie picha za tarehe mbili." Fundi anabonyeza, anakuna kichwa. Tarehe mbili haipo, imeshafutika!

Hapo ndipo balaa linapoanza. Bosi ana hasira, ushahidi hana, na dada wa kaunta ndiye aliye karibu. Anatimuliwa kazi, pengine kwa kosa la mtu mwingine kabisa. Kumbe picha ambayo ingemwokoa ilikuwapo wiki mbili zilizopita.

Ndugu msomaji, kamera kazi yake ni kuona. Anayekumbuka ni diski. Na diski ikijaa, mashine haikuulizi: inafuta picha za zamani na kurekodi mpya mahali pake. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya kamera, jiulize: mali ikiibwa, nitagundua baada ya siku ngapi?

Piga hesabu

Kamera moja ya picha safi, ile ya 1080, ikirekodi mchana na usiku kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, inakula kama gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne zinakula 173. Diski ya terabaiti 1 haifikishi hata siku 6! Na wewe stoo unahesabu mwisho wa mwezi. Hapo umenunua pambo.

Anayehesabu mali kila jioni, picha za wiki mbili zinamtosha. Anayehesabu mwisho wa mwezi atafute siku 40. Kwa kamera zile nne ni karibu terabaiti 7, yaani diski ya 8. Ukiona ni gharama, mwambie fundi atumie mfumo wa H.265 badala ya H.264. Unaweza kupunguza mzigo karibu nusu, na sura za watu zikabaki zinaonekana. Kurekodi pale tu kitu kinapotikisika nako kunasaidia, ila dukani ambako watu hawaishi kuingia na kutoka, nafuu utaipata usiku tu.

Uhifadhi wapi?

Njia ya kwanza ni memori kadi ndani ya kamera yenyewe. Ni rahisi, lakini kadi ya gigabaiti 128 kwa hesabu yetu ni siku 3 tu. Tena mwizi aking'oa kamera, ameondoka na ushahidi mfukoni. Kadi za kawaida nazo huchakaa haraka kwa kuandikwa na kufutwa kila saa.

Ya pili ni mashine ya kurekodia, mafundi wanaiita NVR. Kwa duka hii ndiyo kiboko. Ila usikubali uwekewe diski iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu. Ziko diski zilizotengenezwa kwa kazi ya kurekodi saa 24, kama WD Purple na Seagate SkyHawk. Mashine usiiweke kaunta, maana mwizi mjanja huanza nayo. Ifungie kabatini penye hewa. Darini chini ya mabati usithubutu, joto litaiua. Na UPS iwepo, umeme wetu mnaujua wenyewe.

Ya tatu ni kuhifadhi kwenye intaneti. Hata duka likiungua, picha ziko salama. Lakini bando! Kamera moja ikipeleka kila kitu, kwa mwezi ni karibu gigabaiti 1,300. Ukitaka njia hii, peleka matukio machache tu: mlango unapofunguliwa usiku, au mtu anapogusa droo ya pesa. Mengine yabaki kwenye mashine.

Usidanganyike

Fundi akimaliza, usimlipe kabla hajakuonyesha picha ya jana yake. Angalia saa ya mashine, kwani ushahidi wenye tarehe ya uongo utakutia aibu polisi. Badilisha neno la siri alilokuja nalo. Halafu kila mwezi jaribu kurudisha picha ya siku ya zamani kabisa. Tukio likitokea, zinakili siku hiyo hiyo.

Na jamani, kuhifadhi si kulimbikiza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaki taarifa za watu zikae kupita muda unaohitajika. Picha za wateja si za kurushiana WhatsApp mkacheka.

Basi kabla hujamnyooshea kidole mfanyakazi wako, kaulize diski yako inakumbuka siku ngapi. Ikiwa ni sita, mwenye kosa si dada wa kaunta.