Dawa ya ukungu na uhai wa udongo (Sehemu ya pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi bakajani chelewa inavyoweza kuteketeza shamba la viazi kwa siku chache, na kwa nini wakulima wa Umalila, Isongole na Kilolo hawathubutu kulima bila kupiga dawa. Leo tunaifuata dawa hiyo hadi udongoni.

Viazi vinavyouzwa Soko la Soweto jijini Mbeya hutoka kwenye miteremko yenye baridi na mvua nyingi, hali ambayo ugonjwa huu huipenda. Mvua zikikaza, mkulima hurudia kupiga dawa kila wiki, pengine na mapema zaidi. Mtazame akiwa na bomba mgongoni: amekoroga unga wa mankozebu, anapuliza hadi majani yanalowa na matone yanadondokea kwenye tuta. Usiku mvua ikinyesha, sehemu ya dawa iliyoganda kwenye majani nayo huoshwa ikaenda chini. Kwa hiyo dawa ya majani ni dawa ya udongo pia, tupende tusipende.

Huko chini kuna wakazi wengi. Bakteria na kuvu ndio wanaoozesha mabua na samadi hadi vikawa chakula cha mmea. Wapo kuvu waitwao mikoriza, wanaoshikamana na mizizi na kuisaidia kupata fosforasi. Msaada huo una thamani kubwa kwenye udongo wa volkano kama ule wa Rungwe, ambao huing'ang'ania fosforasi isiifikie mizizi. Wapo pia bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti.

Kimelea kinacholeta bakajani chelewa, Phytophthora infestans, si kuvu halisi. Kiko karibu zaidi na mwani wa majini. Dawa ya metalaksili hulenga vimelea wa aina hiyo. Mankozebu haichagui. Huvuruga kazi nyingi za seli kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu vimelea vinashindwa kuizoea. Kwa sababu hiyohiyo, ikifika udongoni kwa wingi huwadhuru hata kuvu wenye manufaa na huweza kupunguza kasi ya bakteria wanaotengeneza naitreti.

Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Kuvu wakifa, bakteria waliosalia hula mizoga yao, na naitrojeni iliyokuwa ndani yake huachiwa. Mimea inaweza kustawi kwa muda, mkulima akadhani dawa imerutubisha shamba, kumbe akiba ya udongo ndiyo inayotumika.

Tukija kwenye kemia, tutofautishe dawa inayooza na isiyooza. Mankozebu huvunjika ndani ya siku au wiki chache, lakini huacha mabaki yaitwayo ETU, ambayo huyeyuka kwa urahisi na kuweza kufuata maji. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoendelea kuiidhinisha dawa hiyo, kwa sababu za afya ya binadamu na mazingira.

Shaba haiozi kabisa. Dawa za kopa, yaani za shaba, hutumika kwenye viazi na nyanya, na katika mashamba ya kahawa hutumika dhidi ya kutu ya majani na chulebuni. Watafiti waliopima mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro yaliyopuliziwa kopa kwa miaka mingi walikuta shaba imerundikana kwenye udongo wa juu. Sheria ya Ulaya inaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Sasa piga hesabu: kilo 3 za dawa yenye asilimia 50 ya shaba, ukipuliza mara 4, ni kilo 6 za shaba kwa hekta katika msimu mmoja tu.

Udongo wenye tindikali huongeza tatizo, kwa kuwa humo shaba hulegea na kuwafikia kwa urahisi vijidudu na mizizi. Mboji huishika, na chokaa ya kilimo hupunguza ukali wake.

Simwambii mkulima aache dawa ugonjwa ukiwa mlangoni. Namsihi apande mbegu safi za aina zinazostahimili, kama Asante na Sherekea. Azungushe viazi na mahindi au maharage. Asome kibandiko na kupima dawa kwa kipimo, si kwa kifuniko cha chupa. Arudishe samadi shambani kila msimu. Maharage yakipakwa bakteria wa rizobiamu, mbegu zisipakwe dawa ya ukungu iitwayo tairamu, kwani huweza kuwadhuru bakteria hao. Na kabla ya msimu, apeleke sampuli ya udongo kupimwa. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, wako jirani. Ugonjwa hurudi kila mvua na dawa hununuliwa tena dukani, lakini shaba ikishazidi udongoni hakuna duka linalouza dawa ya kuiondoa.

Sehemu ya tatu itaeleza namna ya kuchukua sampuli ya udongo na kusoma majibu yake.