Utangulizi: Mzazi Anayebana na Nafsi ya Kijana

Utafiti kuhusu mzazi anayebana unaanzia pale ambapo wengi hudhani malezi yameshakwisha: mwana ana miaka 20, yuko chuoni, lakini neno la mzazi bado ndilo linaloamua asome nini, awe na marafiki gani na aoe lini.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mzazi anayeuliza "utarudi saa ngapi?" anasimamia mwenendo. Anayesema "ukiacha udaktari, radhi zangu usizitafute," kisha akanuna wiki nzima bila kupokea simu, anaitawala nafsi. Mapenzi yake yamegeuka fimbo. Mwanasaikolojia Earl Schaefer alilipima jambo hili kwa dodoso mwaka 1965, na mtafiti Brian Barber akalirudisha mezani mwaka 1996. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanatusaidia kuelewa kwa nini linaumiza. Kwa maoni yao, binadamu anahitaji kujiamulia, kujiona anaweza, na kuwa na watu wake. Kijana aliyebanwa huambiwa achague: ajiamulie awakose wazazi, au abaki nao ajikose mwenyewe. Hapo ndipo wasiwasi na huzuni hupata mlango.

Tena haviishii ujanani. Nchini Uingereza, watu waliozaliwa Machi 1946 wamefuatiliwa tangu utotoni. Waliokumbuka, wakiwa na miaka 43, kwamba wazazi waliwatawala kwa namna hiyo, walikuwa na ustawi mdogo wa nafsi hata walipovuka miaka 60. Lakini usikimbilie kuhukumu: mwenye huzuni huenda akawakumbuka wazazi kwa ukali zaidi, na mzazi naye huenda alibana kwa kuwa mtoto alishaanza kuyumba.

Swali linalonivutia kuliko yote ni la utamaduni. Mtafiti Ruth Chao alionyesha mwaka 1994 kwamba ukali wa wazazi wa Kichina hauna maana ileile unayopewa Marekani. Kwetu je? Madodoso mengi humuuliza kijana kuhusu mama na baba tu, ilhali ada imechangwa na mjomba, na mchumba amekataliwa na shangazi. Sijaona haja ya kuyatafsiri madodoso hayo jinsi yalivyo. Tuyaandike upya, radhi na laana zikiwamo.

Na ukienda kukusanya data, mhoji kijana peke yake, nje ya nyumba. Mama akiwa sebuleni, utaandika majibu ya mama.