Baridi ya kusini: nani anafaa kujiandaa Kenya, na kwa lipi

Kila theluji inapoanguka katika milima ya Drakensberg na nchini Lesotho katikati ya mwaka, wakazi wengi wa Kenya hujiuliza iwapo baridi hiyo itawafikia. Theluji yenyewe haiwafikii. Upepo unaoifuata ndio unaovuma hadi huku, na athari zake hutofautiana sana kati ya eneo moja na jingine.

Kati ya Juni na Agosti huwa ni majira ya baridi kusini mwa dunia. Hewa kutoka bahari zinazozunguka Antaktika husukumwa kuelekea Afrika Kusini, na kwa kuwa ni nzito, hujipenyeza chini ya hewa yenye joto. Mahali hewa hizo mbili zinapokutana ndipo mvua, dhoruba na theluji hutokea.

Madhara yake yaweza kuwa makubwa. Mnamo Juni 2025, hali ya aina hiyo iliandamana na mafuriko yaliyosababisha vifo vya zaidi ya watu 90 katika mkoa wa Eastern Cape, hasa mjini Mthatha na viungani mwake.

Dhoruba hizo hufifia kabla ya kukaribia ikweta. Hata hivyo, nyuma yake hujengeka mgandamizo mkubwa wa hewa, ambao huutia nguvu ule mwingine unaokaa kusini mwa Bahari Hindi karibu na visiwa vya Mauritius na Reunion. Mgandamizo huo husukuma hewa upande wa kaskazini kupitia mlango-bahari wa Msumbiji, na baada ya siku chache upepo wa kusi huongezeka kasi katika pwani ya Tanzania na Kenya.

Mkondo huo wa upepo, ambao hupita mashariki mwa Kenya na Somalia kabla ya kuvuka bahari hadi India, ulielezwa kwa kina na mtaalamu J. Findlater mwaka 1969. Ndio huo huo unaobeba sehemu kubwa ya unyevu wa mvua za India.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba hewa hiyo hufika Mombasa ikiwa tayari imepashwa joto na bahari. Baridi ya Nairobi hutengenezwa humu humu nchini. Upepo wenye unyevu unapopanda kuelekea nyanda za juu za mashariki mwa Bonde la Ufa, hupoa na kuwa mawingu mazito ya chini. Mawingu hayo hulizuia jua kutwa nzima, na pengine hubaki siku kadhaa bila kutawanyika.

Ndiposa wakazi wa Nairobi, Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru huvaa makoti Julai. Kuna siku ambapo kiwango cha joto cha mchana hukosa kuvuka nyuzi 18 za Selsiasi katika baadhi ya maeneo hayo. Manyunyu nayo huongeza makali ya baridi.

Magharibi mwa Bonde la Ufa mambo ni tofauti. Kakamega, Kitale na maeneo ya karibu hupata jua asubuhi na mvua ya radi alasiri katika miezi hiyo hiyo, hali inayowafaa wakulima ambao mahindi yao yangali shambani.

Pwani, tishio huwa mawimbi. Kusi likizidi nguvu, wavuvi wenye mashua ndogo kutoka Lamu hadi Vanga hulazimika kusalia ufuoni au kuvua ndani ya miamba. Kupuuza tahadhari ya upepo mkali kumewagharimu wengi maisha.

Kwa wakulima, ni muhimu kutofautisha baridi ya mawingu na ile ya sakitu, yaani barafu nyembamba inayofunika majani alfajiri. Mawingu hupunguza joto la mchana, lakini usiku huifunika ardhi mithili ya blanketi. Sakitu huja anga inapokuwa wazi, upepo umetulia na hewa ni kavu, kwani joto la ardhi hupotea angani bila kizuizi.

Hii ndiyo sababu sakitu iliyounguza majani chai Kericho na Nandi mwaka 2012 ilitokea Januari, msimu wa jua kali, wala si Julai.

Katika miezi ya mawingu, adui wa mkulima wa viazi wa Nyandarua huwa ni ukungu unaokausha majani. Ugonjwa huo huenea upesi majani yanaposhinda yakiwa na maji, na dawa ya kuukinga hufaa kupuliziwa kabla ya madoa kuonekana. Anayeanika nafaka naye anahitaji mahali pakavu, kwa kuwa punje zenye unyevu huota kuvu wenye sumu ya aflatoksini.

Nyumbani, hatari kubwa ni jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huweza kuua familia nzima usingizini. Jiko lapaswa kutolewa nje kabla ya kulala, hata kama baridi imezidi. Watoto wachanga na wazee nao wavalishwe nguo nzito, na mtoto anayepumua kwa shida apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Kwa kawaida mawingu huanza kupungua mwishoni mwa Agosti. Jua huvuka ikweta likielekea kusini karibu Septemba 23, kusi hulegea, na nchi huanza kusubiri mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba. Hadi wakati huo, habari za dhoruba mpya kule Cape Town huwa ni dalili kwamba mvuvi wa Lamu na mkulima wa Nyandarua wanafaa kufuatilia kwa makini utabiri wa siku zinazofuata.