JE, WAJUA? Maumivu ya uso yanayosingiziwa jino

• Mswaki, tonge la wali, hata upepo wa kusi ufuoni Diani unaweza kuamsha maumivu makali kama shoti ya umeme upande mmoja wa uso. Hudumu kwa sekunde chache, pengine hadi dakika 2, kisha hukatika ghafla.

• Chanzo ni neva ya 5 ya kichwa, yenye matawi 3: la paji, la shavu na la taya. Mara nyingi mshipa wa damu huigandamiza karibu na shina la ubongo. Wako wanaong'olewa meno mazima kabla ugonjwa haujatambuliwa.

• Dawa ya kwanza ni kabamazepini, ileile ya kifafa. Usiiache ghafla bila ushauri wa daktari.

• Dawa ikishindwa, kuna upasuaji ulioendelezwa na Mmarekani Peter Jannetta miaka ya 1960. Daktari hutoboa fuvu nyuma ya sikio, husogeza mshipa na kuweka kipande kidogo cha tefloni katikati. Neva haikatwi. Hatari mojawapo ni kupoteza usikivu wa sikio hilo.

• Wasioweza kufunguliwa fuvu hupitishiwa sindano shavuni, neva ikachomwa kwa joto au kubanwa kwa kiputo. Nafuu huja haraka, ila uso huweza kubaki na ganzi.

• Mkazi wa Kwale anaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Mweleze daktari upande unaouma na kinachoamsha maumivu.